Ukikodi Nyumba ya Likizo Nyeri, Umekodi na Meko Yake

Mwaka 1938 Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alihamia Nyeri akiwa mzee wa miaka 81. Hoteli ya Outspan ilikuwa mali ya Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake, na asingekosa chumba kizuri humo. Lakini yeye na mkewe Olave walitaka nyumba yao. Wakajengewa kijumba katika bustani ya hoteli, wakakiita Paxtu, chenye baraza linaloelekea Mlima Kenya, na humo ndimo alimofia Januari 8, 1941. Miaka kadhaa baadaye Jim Corbett, mwindaji na mwandishi aliyetoka India, aliishi katika nyumba hiyohiyo pamoja na dada yake.

Upande wa Kiganjo kuna nyumba nyingine, Sagana Lodge, aliyozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth kwa harusi yake ya 1947. Februari 1952 alilala usiku mmoja katika hoteli ya Treetops akitazama wanyama, akarudi Sagana, na ni huko alikopata habari kwamba babake amefariki na kwamba yeye sasa ni malkia. Oktoba 2010 mjukuu wake, William, alimposa Kate Middleton huko Rutundu, kwenye nyumba ya magogo iliyo juu mlimani, mbali na mji wowote.

Basi watu ambao wangeweza kulipia hoteli yoyote duniani, walipofika kwenye mlima huu walitaka nyumba. Nawaelewa. Baridi ya huku inataka meko yenye moto na watu mnaojuana wakiwa wameketi kuuzunguka, na hilo ukumbi wa hoteli hauwezi kulitoa. Ila mzee Baden-Powell na binti mfalme walikuwa na watumishi. Hakuna aliyewauliza kama kuni zimekatwa, kama tangi lina maji, au nani atapika jioni. Sisi tunaokodi nyumba kwa siku tatu tunajibu maswali hayo wenyewe, na likizo nyingi huharibika kwa sababu yaliulizwa saa mbili usiku, mvua inanyesha na watoto wanalia njaa. Anayelipa hoteli hulipia kuhudumiwa. Anayekodi nyumba hukodi paa pamoja na kazi zote zilizo chini yake. Ukilikubali hilo mapema, nyumba itakupa raha ambayo hoteli haina.

Siku hizi nyumba za namna hiyo zimejaa kutoka Othaya hadi Timau. Watu huziita Airbnb hata zile ambazo hazijawahi kutangazwa na kampuni hiyo. Nyingine ni za wastaafu waliojenga vyumba vitano wakiwatarajia wajukuu, na wajukuu wakazaliwa Nairobi, Dallas au Leeds. Nyingine, hasa pembezoni mwa Nanyuki, zilijengwa kwa biashara tangu msingi. Wanaozikodi si watalii peke yao. Kuna ukoo uliokuja kwa ruracio, sherehe ya kutoa mahari, Mukurweini na hauwezi kutoshea kwa nyanya. Kuna waliokuja mazishi. Kuna waliorudi kutoka ng'ambo na watoto ambao hawajazoea choo cha shimo, nao hawataki kumwaibisha mama mzaa chema kwa kulalamika. Kuna familia ya Mombasa inayotaka watoto waone moshi ukiwatoka kinywani asubuhi.

Kwanza piga hesabu, maana wengi huambiwa kwamba nyumba ni nafuu na hawaulizi ni nafuu kwa nani. Chukua mfano wa nyumba ya vyumba vinne kwa shilingi 24,000 usiku mmoja. Mkiwa wanane, kila mtu anachangia 3,000. Hoteli ya kadiri inayotoza 9,000 kwa chumba cha watu wawili, pamoja na kifungua kinywa, itawatoza 36,000 kwa vyumba vinne, yaani 4,500 kwa kila mmoja. Sasa ongeza kwenye nyumba chakula, kuni na ujira wa mpishi, tuseme 9,500 kwa siku: mmefika 33,500. Upande wa hoteli ongeza chakula cha mchana na cha jioni kwa watu wanane; kwa 1,200 kila sahani ni 19,200 zaidi. Nyumba imeshinda kwa mbali. Lakini mkiwa wawili, nyumba hiyohiyo inawagharimu 12,000 kila mmoja kabla hamjanunua hata kiazi. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: watu sita au zaidi, usiku tatu au zaidi, kodini nyumba. Wawili wanaopita kwa usiku mmoja waende hotelini, na wasijute. Na wazee wanaotaka faragha lakini hawana mtu wa kuwapikia watafute vijumba vilivyo ndani ya viwanja vya hoteli, kama alivyofanya Baden-Powell: mlango ni wako, jiko ni la mwingine.

Ukilinganisha bei, uliza pia kilichomo. Bei ya hoteli huwa na VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2. Bei ya nyumba huonekana ndogo hadi ada ya usafi, ada ya kuni na ada ya mgeni wa ziada zinapojitokeza mlangoni. Taka jumla moja, kwa maandishi.

Kisha chagua upande wa mlima. Matangazo husema "Mount Kenya" kana kwamba ni kijiji kimoja, ilhali huu ni mlima wenye miji kuuzunguka pande zote, na hali ya hewa ya Nanyuki si ya Chogoria. Kutoka Nairobi, barabara hupitia Thika, Kenol, Sagana na Karatina, kisha hugawanyika pale Marua: kushoto unaingia Nyeri, mbele unapita Kiganjo na Naro Moru kuelekea Nanyuki. Nyeri iko kilomita 150 hivi kutoka Nairobi, na Nanyuki takriban 200. Nyeri ni milima na mabonde, majani ya chai na kahawa, na ina milima ya Aberdare mgongoni. Nanyuki iko kwenye uwanda mkavu ambako mvua ni haba zaidi, na mstari wa Ikweta unapita hapohapo mjini. Meru, Chogoria na Embu ziko upande unaopokea upepo wa mvua kutoka Bahari ya Hindi, na mvua zao za Oktoba hadi Desemba si za mchezo. Anayetaka likizo kavu mwanzoni mwa Desemba asiende kukodi Chogoria kisha alaumu mwenye nyumba.

Na kama unalipia mandhari ya mlima, jua unalipia alfajiri. Batian yenye mita 5,199 huonekana wazi jua linapochomoza, kisha mawingu hupanda, na mara nyingi kufikia saa nne asubuhi mlima umejifunika. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuaminika zaidi. Kutoka Nyeri mlima uko kaskazini mashariki. Kutoka Nanyuki uko kusini mashariki. Muulize mwenye nyumba ni dirisha la chumba gani linaloutazama, kwa sababu nimeona nyumba zinazouzwa kwa sifa ya mlima ambazo mlima unaonekana kutoka kwenye kamba ya kuanikia nguo tu.

Halafu barabara. Lami sasa ni nzuri na njia pana ya Kenol hadi Marua imepunguza mateso ya zamani, lakini nyumba za likizo haziko kwenye lami. Ziko kilomita mbili, tatu, saba ndani. Udongo mwekundu wa Tetu na Othaya ukilowa huteleza kama sabuni, na ule mweusi wa upande wa Laikipia hushika magurudumu usiyaone tena hadi trekta lije. Mwombe mwenye nyumba video ya barabara kuanzia lami hadi getini, iliyochukuliwa baada ya mvua. Picha za kitanda utapewa bila kuomba. Video hii ndiyo itakayokuambia kama gari lako dogo litafika. Asiye na gari anaweza kuja kwa matatu, au kwa treni ya Nairobi hadi Nanyuki iliyofufuliwa mwaka 2020 baada ya miaka mingi ya reli kulala, ila aulize ratiba mapema kwa kuwa haitembei kila siku. Achague nyumba iliyo karibu na stendi ya bodaboda, na amwulize mwenye nyumba jina la dereva wa teksi anayemwamini.

Sasa nije kwenye baridi, na hapa nitakaa kidogo.

Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki inakaribia 2,000. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi, na ukipanda kuelekea mageti ya hifadhi ya mlima hushuka zaidi. Mtu wa Mombasa, Dar es Salaam au Muscat akisikia nyuzi 10 hafikirii kwamba zitakuwa ndani ya nyumba. Zitakuwa ndani. Nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa vigae sakafuni na vioo vikubwa ukutani, na hazina chochote cha kuzipasha joto ila mahali pa moto sebuleni. Vyumba vya kulala hubaki baridi. Kwa hiyo uliza kila kitanda kina blanketi ngapi, na kama kuna chupa za maji moto za kuweka miguuni. Uliza kama mahali pa moto panatumika au ni pambo, bomba la moshi lilisafishwa lini, kuni ni kavu au zilikatwa juzi, na ni mafungu mangapi kwa usiku yamo kwenye bei. Kuni mbichi zitawajazia sebule moshi na hazitawapa joto. Msiende kuokota kuni msituni. Misitu hii inalindwa na kuokota kunahitaji kibali.

La muhimu kuliko yote niliyoandika hapa ni hili: jiko la makaa lisiingie chumbani. Lisiingie hata "kwa dakika chache watoto walale". Makaa yakiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Kila msimu wa baridi Kenya husikia habari za familia zilizokutwa zimekufa kando ya jiko. Mgeni asiyeizoea baridi ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu yuko tayari kufanya lolote apate joto, na mtunza nyumba mwenye huruma atamletea jiko akidhani anamsaidia. Mkataeni kwa upole. Mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kando ya moto, fungueni milango, tokeni nje wote, kisha mwite msaada. Hita ya maji inayotumia gesi nayo isiwe ndani ya bafu. Mahali pake ni nje ya ukuta. Ukiikuta ndani, oga kwa maji ya birika, na umwambie mwenye nyumba kwa nini.

Maji ya moto yenyewe ni swali la kuuliza vizuri. Hita ya jua hufanya kazi Januari, lakini Julai wingu likikaa siku nzima hupati kitu. Shawa ya umeme inahitaji stima, na stima inahitaji tokeni, basi uliza nani ananunua tokeni na mita ina kiasi gani mkiingia. Uliza tangi ni la lita ngapi na maji yanatoka wapi: mfereji, kisima au lori. Watu kumi wanaooga kwa siku tatu humaliza maji ambayo wapenzi wawili wasingeyamaliza kwa wiki mbili, na mwenye nyumba aliyezoea wapenzi wawili hajui.

Jikoni kuna jambo ambalo wageni wa pwani huligundua wakiwa na njaa. Kwenye urefu huu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100; Nyeri huchemka karibu na nyuzi 94. Maharagwe na githeri hukawia sana kuiva, na gesi hukatika njiani. Njoo na sufuria ya presha, au uulize kama ipo, na uhakikishe kwamba mtungi wa gesi umejaa na kuna mwingine wa akiba.

Chakula usikibebe chote kutoka Nairobi. Utapita Karatina, na soko la Karatina ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi nchini Kenya: viazi, karoti, kabeji, minji, mahindi mabichi, parachichi, vyote vimetoka kwenye mashamba unayoyaona ukiwa barabarani. Shuka hapo, nunua, zungumza na akina mama. Samaki wa mito ya huku ni trauti, walioletwa mara ya kwanza katika Mto Gura mwaka 1905 na sasa wanafugwa kwenye mabwawa kando ya mlima. Waoke tu kwa ndimu na chumvi. Kwa Waislamu nyumba ina faida kubwa kuliko hoteli, kwani jiko ni lenu na mnajua kilichoingia sufuriani. Hata hivyo, ulizeni vyombo vimewahi kupikiwa nini, na mkiwa na shaka njooni na sufuria zenu mbili tatu. Nyeri na Nanyuki zina misikiti na jamii za Waislamu za miaka mingi, na ukiuliza msikitini utaelekezwa kwenye bucha ya halali.

Lakini nani atapika? Hapa ndipo ninapogombana na akina baba wengi. Familia inakodi nyumba, baba analipa, wanaume wanakaa kwenye moto wakichoma nyama ya mbuzi mara moja na kupigwa picha, na mama anapika kifungua kinywa cha watu kumi na wawili, anaosha vyombo, anaanza cha mchana, anaosha tena. Akirudi Nairobi amechoka kuliko alivyoondoka. Hiyo likizo ilikuwa ya nani? Mama huyo angefurahi zaidi katika hoteli ya bei nafuu yenye chai ya kuletewa. Kwa hiyo kabla ya kulipa, kaeni kikao. Ama mgawane zamu kwa majina, wanaume na vijana wakiwemo, ama mchangie mpishi. Kupata mpishi huku si vigumu; mwombe mtunza nyumba akutafutie, kubalianeni ujira wa siku, nauli, na saa ya kumaliza kazi, kwa sababu naye ana watoto wanaomsubiri na giza huingia saa moja. Kama hamwezi moja kati ya hayo mawili, msikodi nyumba. Nasema hivyo kwa moyo mzito lakini bila kusita.

Upande wa pesa, kuweni macho. Matapeli huchukua picha za nyumba ya mtu, wakaweka bei ya kutamanisha, wakadai malipo kwa M-Pesa leo hii kwa kuwa "kuna mteja mwingine". Njia ya kuwakwepa si ngumu. Omba simu ya video, mwenye nyumba aingie nayo kuanzia getini, afungue mfereji, awashe taa, akuonyeshe dirisha lenye mlima. Anayekataa kwa visingizio mwache. Kabla hujabonyeza kutuma, M-Pesa inakuonyesha jina la anayepokea. Lilinganishe na jina ulilopewa, na likiwa jingine usikubali maelezo ya shemeji wala ya mhasibu. Lipa kiasi cha kushikia nafasi, salio ulipe ukishaiona nyumba. Kama mmekutana kupitia kampuni ya mtandaoni, malizieni malipo hukohuko, hata akikuahidi punguzo mkitoka nje ya mtandao. Ukigundua umetapeliwa, peleka ujumbe wa muamala kwenye namba 456 dakika hiyohiyo uombe pesa zirudishwe. Ukichelewa zitakuwa zimeshatolewa.

Andikianeni, hata kama ni kwa WhatsApp: tarehe, idadi ya watu, bei yote, saa ya kuingia na kutoka, na nini kitafanyika mkiahirisha. Kama mnakuja kwa ruracio au sherehe yoyote, semeni hivyo tangu mwanzo. Wenye nyumba wengi hawataki hema, muziki na magari ishirini kwenye nyasi, na wana haki. Kudanganya kwamba mko wanane kisha mshuke thelathini ni kuanza ndoa ya watu kwa ugomvi getini.

Usalama nao una sheria zake. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa katika nyumba za kukodi kwa siku jijini Nairobi, na tangu hapo serikali imekuwa ikisisitiza nyumba hizi ziandikishwe. Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, ndiyo inayotoa leseni. Muulize mwenye nyumba kama anayo. Mwenye leseni ana kitu cha kupoteza, na kuna mahali pa kumshtaki. Yeye naye akikuomba namba ya kitambulisho usikasirike. Aandike, akurudishie kitambulisho chako. Kamera getini ni sawa, mradi umeambiwa ipo. Kamera ndani ya nyumba usiikubali popote, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko upande wako. Mwanamke anayesafiri peke yake, ushauri wangu ni achague nyumba yenye mlinzi anayejulikana au alale hotelini, na amtumie ndugu yake ramani ya mahali alipo kabla hajafungua mlango. Kila mtu ajue hospitali iliyo karibu: Nyeri kuna ya rufaa ya kaunti na ile ya Consolata Mathari, na Nanyuki kuna ya rufaa pia. Mwenye mtoto wa pumu asikodi nyumba iliyo saa moja na nusu kutoka kwa daktari.

Kuna nyumba ambazo watu wengi hawazijui, nazo ni za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Karibu na geti la Naro Moru kuna Batian Guest House, kwenye geti la Sirimon kuna mabanda, na ndani ya Hifadhi ya Aberdare kuna Fishing Lodge. Ni nyumba za kujipikia: unabeba chakula na unalala ukisikia msitu. Hazina anasa, nami nazipenda kwa sababu hiyo. Kumbuka kwamba juu ya kodi ya nyumba utalipa kiingilio cha hifadhi kwa kila mtu kwa kila siku, na malipo hufanywa kupitia eCitizen, kwa hiyo yafanye ukiwa bado na mtandao. Ndani ya Aberdare uje na gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Uzio wa umeme wa Aberdare, wenye urefu wa karibu kilomita 400, ulikamilika 2009 na umewapa nafuu wakulima wa nje, ila ukilala ndani wewe ndiwe uliye upande wa nyati na tembo. Usitoke nje baada ya giza, hata kwenda garini. Na mchana fungeni madirisha ya jikoni, kwani nyani na kima wa huku wanajua mkate uko wapi.

Mkiwa kwenye nyumba ya watu, kumbukeni kwamba majirani si sehemu ya likizo yenu. Bibi wa nyumba ya pili anaamka saa kumi na moja kukamua ng'ombe, muziki wenu wa saa saba usiku humfikia. Takataka zifungeni, muulize zinapelekwa wapi, msizitupe mtoni. Mingi ya mito hii inaenda kuwa Tana, na watu wanakunywa maji yake hadi pwani. Mtunza nyumba mara nyingi hulipwa kidogo na mwenye nyumba aliye mbali. Amewawashia moto alfajiri, amesukuma gari lenu kwenye matope. Mpeni kitu mkononi mwake mwenyewe, msikiache mezani wala msikitume kwa mwenye nyumba.

Aprili, Agosti na Desemba shule zikifungwa, nyumba nzuri huisha mapema, na Desemba ndiyo mbaya zaidi kwa kuwa wa mjini na wa ng'ambo hurudi kwa pamoja. Usingoje mwezi wenyewe ufike. Ikiwa mnataka Krismasi chini ya mlima, kaeni kile kikao cha nani atapika mwezi wa tisa, na mpige simu wiki hiyohiyo.